Keti Palipo na Sindano Nyingi

Wajukuu zangu wa Kabondo hapa Kisangani, wasichana kwa wavulana, nina neno nanyi. Mnapopita barazani kwangu nawasikia mkilalamikia mambo mawili. La kwanza, mnataka kubuni kitu chenu wenyewe lakini mawazo hayaji. La pili, mji umejaa watu na simu zimejaa majina, lakini rafiki wa kumgongea mlango usiku haonekani. Nimekula chumvi nyingi katika mtaa huu, na kwa matatizo hayo mawili najua dawa moja: tafuteni watu wanaoshona pamoja, mkae nao, nanyi mshike sindano.

Nasema hasa juu ya mfarishi wa viraka, lile blanketi la vipande vya vikwembe, yaani vitenge, mnaloliona limeanikwa kambani nyuani kwetu. Najua wengine mnaliona ni kitu cha mtu asiye na pesa ya kununua blanketi la dukani. Nipeni masikio kidogo kabla hamjahukumu.

Mfarishi una tabaka tatu. Juu kuna uso, yaani vipande vilivyoungwa. Katikati huwekwa kitu cha joto, na kwetu mara nyingi ni blanketi kuukuu au shuka zilizochakaa. Chini kuna bitana. Tabaka hizo hutandazwa mkekani, zikapigwa bandi kuanzia katikati kwenda ukingoni ili mikunjo isukumwe nje. Mtu akiifanya kazi hiyo peke yake, akivuta huku, kule kunalegea. Wakikaa wanne, kila mmoja na upande wake, nguo inatulia. Ndipo mkono huanza kupitisha uzi katika tabaka zote tatu, mstari baada ya mstari, na kazi hiyo humalizika kwa wiki nyingi. Kidole kimoja hakivunji chawa. Kazi yenyewe inadai watu, nayo haidai umeme: mitambo ya bwawa la Tshopo ikisimama na mtaa mzima ukaingia giza, tunahamia barazani na kuendelea mpaka jua lizame.

Sasa juu ya mawazo. Wengi wenu mmejifungia chumbani mkingoja wazo liwashukie. Mimi nimeona mawazo yakiingia kwa njia ya macho, na huja upesi zaidi macho yakiwa karibu na mikono ya mwenzako. Kuna dada mmoja katika kundi letu ambaye fundi alimpa mabaki ya blauzi, na vyote vilikuwa vipande vya makwapa, vimekatwa kwa mviringo. Sisi wengine tungechukua mkasi tukavinyoosha kwanza. Yeye aliuacha ule mviringo, akapanga mgongo kwa mgongo, bluu kwa njano, na uso wa mfarishi wake ukapinda huku na huku kama mto unavyozunguka visiwa. Jumamosi iliyofuata watu walikuja kila mmoja na mfuko wa makwapa! Hakuna aliyefundishwa somo lolote. Waliona tu kwamba kile walichokuwa wakikitupa kina umbo, na kila mmoja akarudi nyumbani na umbo lake kichwani.

Basi nawausia hivi: ukiona kazi ya mwenzako imekugusa, muulize aliifikiriaje, na ukiiga, sema umeiga kwa nani. Mtu anayetajwa hafichi ujuzi wake. Anayeibiwa hukunja nguo yake akaiweka chini ya mkeka, na hapo kundi zima limepoteza.

Vipande mtavipata wapi? Chini ya meza ya kila fundi kuna mabaki yanayongoja kufagiliwa. Nenda kwa adabu, msalimie, mfagilie kibanda chake, kisha uombe. Mafundi wetu wengi ni wanaume, na wakizoea kukuona watakuwekea mfuko. Ukifika nyumbani, chovya kila kipande majini peke yake. Kikitoa rangi, kioshe na kukiosha tena mpaka maji yabaki safi, kwa sababu kipande kimoja chekundu kisichooshwa huchafua kazi ya watu kumi siku ya kufua. Kisha kata kwa kufuata uzi wa nguo, usikate kwa haraka. Haraka ya mkasi hulipwa na sindano.

Msidhani mambo haya tumeletewa juzi. Katika msitu wa Ituri, unaofikiwa kwa barabara itokayo hapa mjini kwetu, Wambuti hutengeneza nguo kwa gome la mti. Wanaume hulibandua gome na kulitwanga mpaka lilainike. Wanawake huchora juu yake kwa maji ya matunda ya msituni na masizi, na pengine mikono ya wanawake wawili watatu hupita juu ya nguo hiyo hiyo. Kule Kasai, Wakuba hufuma nguo za nyuzi za rafia. Mwanamume hufuma, mwanamke hutia nakshi na kubandika viraka, na sketi moja ya sherehe huweza kuwa na urefu wa mita kadhaa, imeungwa na wanawake wa ukoo mmoja. Nguo hizo huvaliwa katika ngoma na huvishwa wafu waliotukuzwa. Wapo wanaoeleza kwamba viraka vile vilianza kwa kuziba matundu yaliyotokea nguo ilipotwangwa kinuni ili ilainike, kisha macho yakavipenda, vikawa nakshi. Henri Matisse, mchoraji mkubwa wa Ufaransa, alizikusanya nguo za Wakuba akazitundika ukutani pale alipofanyia kazi, na akawa akizitazama kwa muda mrefu. Fikirini hilo, wanangu: mtu aliyesifiwa dunia nzima kwa rangi na maumbo alitafuta shule katika mikono ya akina mama wa Kasai. Nanyi mnao akina mama mkononi mwenu, avenyu ya pili tu.

Hata kikwembe mnachokikata kina habari zake. Wakati wa ukoloni Wabelgiji waliwalazimisha wazee wetu wa Uele kulima pamba, na asiyelima alionja kiboko. Mijini walifungua nyumba za mafunzo zilizoitwa foyer social, mabinti na wake wakafundishwa kushona na kupiga pasi jinsi mzungu alivyotaka nyumba ya Mkongo iwe. Baadaye, katika miaka ya 1970, Kisangani ikapata kiwanda chake, SOTEXKI, na vikwembe vikafumwa na kuchapwa hapa hapa kwa mikono ya wazazi wenu. Pamba ilianza kwa machozi, sindano ilianza kwa amri. Wanawake wa mji huu walivichukua vyote viwili wakavifanyia yao. Kwa hiyo ukishika kipande cha kikwembe, kishike kwa heshima.

Nataka pia mjue kwamba mna ndugu mbali katika kazi hii. Katika jimbo la Karnataka, India, wanaishi Wasiddi, watu ambao mababu zao walitoka Afrika, wengi wakichukuliwa utumwani na kupitishwa Goa wakati wa Wareno. Wanawake wao hushona mifarishi wanayoiita kawandi. Huanza ukingoni, wakazunguka na vipande vyao wakielekea katikati, mpaka kipande cha mwisho kifunge nguo. Kwenye pembe nne huweka vipande vidogo vilivyokunjwa, wanavyoviita maua, na nguo isiyo na maua hayo huhesabiwa kuwa haijavikwa. Miongoni mwao wamo Wakristo, Waislamu na Wahindu. Huyu hutia msalaba, yule hutia mwezi mwandamo, na ushonaji ni mmoja. Hapa Kabondo tuna Wakatoliki, Waprotestanti, Wakimbangu na Waislamu katika uwanja mmoja. Kama Wasiddi wameweza kukaa mkeka mmoja, sisi tuna udhuru gani?

Na kule Marekani, katika jimbo la Alabama, kuna kijiji kiitwacho Gee's Bend, kilichozungukwa na mto karibu pande zote. Wakazi wake wengi ni uzao wa watumwa waliolimishwa pamba. Mwaka 1962, watu weusi wa pale walipoanza kudai haki ya kupiga kura, kivuko chao kilisimamishwa, wakabaki na njia ndefu ya kuzunguka kwa barabara, na hakikurudi mpaka 2006. Nyinyi mnaoishi kwa mitumbwi na vivuko vya mto Kongo mnaelewa maana ya kunyimwa kivuko. Wanawake wa huko walikuwa wakishona mifarishi kwa nguo kuukuu za kazi, suruali zilizotoboka magotini na mashati yaliyopauka. Mwaka 1966 wao na jirani zao walianzisha ushirika wa kushona ili wapate fedha zao wenyewe. Mwaka 2002 mifarishi ya Gee's Bend ilitundikwa katika makumbusho ya sanaa ya Houston, kisha New York, na watu wakapanga foleni kuitazama. Walioshona hawakuwa wakiwaza makumbusho. Walikuwa wakiwakinga watoto na baridi, na walikuwa wakikaa pamoja. Kwa hiyo msikidharau kitu kwa sababu kimetoka katika nyumba isiyo na kitu.

Nije kwenye urafiki, ambao kwangu ndio moyo wa maneno haya.

Mtu anayeshona hatazamwi usoni. Macho yako chini, mikono ina kazi, na kinywa kinafunguka chenyewe. Jambo ambalo mtu hawezi kulisema mkiwa mmekaa mnatazamana, atalisema akiwa anatia uzi sindanoni. Na asipotaka kusema, ukimya wake haumletei aibu, maana anafanya kazi kama wengine. Ndiyo sababu nawaambia wenye haya wasiogope kuja. Mahali pengi hudai uwe mchangamfu kwanza ndipo upate rafiki. Mkekani kwetu inatosha uwe na sindano.

Tangu Februari 2023, Wambole na Walengola walipoanza kuuana ng'ambo ya mto, Lubunga, watu wengi walivuka kuja upande huu na vifurushi vichwani. Mama mmoja kijana aliletwa kwetu na jirani. Alikaa Jumamosi nyingi bila kusema neno ila salamu. Hatukumuuliza yeye ni wa kabila gani wala aliona nini. Tulimpa bitana apinde pindo. Tulipolifunua pindo lake tulishangaa: hakuna mshono ulioonekana upande wa juu, wala mmoja. Alikuwa akichota uzi mmoja tu wa nguo kila sindano ilipopita. Mkubwa wetu akamsogelea na kumwambia, “Yaya, nifundishe.” Mkubwa yule ana wajukuu, na huyo kijana alikuwa na umri wa binti yake, lakini alimwita yaya, yaani dada mkubwa. Kuanzia siku ile mgeni akawa mwalimu, na maneno yakaanza kumtoka. Mtoto wake alipolazwa kwa malaria, watu wa mkekani ndio waliopokezana zamu za usiku, ndio waliopeleka lituma, yaani ndizi zilizopondwa, na samaki. Wahenga walisema mgeni njoo mwenyeji apone. Mimi nimeshuhudia wenyeji wakipona.

Lakini urafiki wa mkekani hauji bure, una miiko yake, na miiko hiyo nawaachia kama urithi.

Mwiko wa kwanza ni ulimi. Yaliyosemwa mkekani yakunjwe pamoja na nguo. Mtu anayebeba siri ya mwenzake kwenda nayo kisimani ameshatoboa kundi zima, na tundu la namna hiyo halina kiraka. Asiyekuwepo asisemwe. Mkisikia mazungumzo yameelekea kwa asiyekuwepo, mmoja aulize habari ya rangi au ya uzi, mambo yageuke.

Mwiko wa pili ni pesa. Likelemba, yaani mchango wa pesa wa kupokezana, ni kitu kizuri, na wanawake wa Kisangani wamesomesha watoto kwa likelemba. Benoît Verhaegen, aliyefundisha katika chuo kikuu chetu, alitoa mwaka 1990 kitabu kizima juu ya wanawake wa mji huu na mapambano yao ya kuishi. Lakini likelemba iwe na siku yake na daftari lake, na mshonaji asilazimishwe kuingia. Anayechelewesha zamu ya pesa huona haya kurudi, na ikiwa pesa na sindano vimekaa mkeka mmoja, mtampoteza mara mbili.

Mwiko wa tatu ni saa. Mkisema saa tisa, iwe saa tisa. Kundi haliuawi na ugomvi tu. Huuawa pia na wale wanne waliofika mapema wakangoja, wakachoka, wakarudi makwao. Na mvua ikinyesha, njoo na mvua yako. Kundi linalokutana siku za jua tu halijawa kundi.

Mwiko wa nne ni kusahihishana. Ukiona mshono wa mwenzako umelegea, mwonyeshe akiwa peke yake na umsaidie kuufumua. Usicheke. Na ukifumuliwa wewe, shukuru. Kijana asiyekubali kufumuliwa hatajifunza kushona, wala kitu kingine chochote.

Nanyi wavulana, msinikalie pembeni mkidhani haya ni ya dada zenu. Nimewaambia kwamba Mkuba mwanamume ndiye anayefuma na Mbuti mwanamume ndiye anayetwanga gome. Wale mnaoendesha toleka, yaani baiskeli za abiria, kutwa nzima, mnaojua kushona tairi la baiskeli ili limalize mwezi, vidole vyenu vimeshakuwa vya kushona. Njooni mkae. Kijana wa kiume aliyezoea kukaa na watu wanaotengeneza, akija mtu kumwita kwenda kubomoa, huwa ana mahali pengine pa kwenda.

Kuna kazi moja ninayotamani muifanye kabla sijaondoka duniani. Kuanzia tarehe 5 mpaka 10 Juni 2000, majeshi mawili ya kigeni, la Rwanda na la Uganda, yalipigana katika mji wetu kwa siku sita. Maelfu ya makombora yaliangukia nyumba, shule na makanisa, na mamia ya raia walikufa. Mwaka 2022 Mahakama ya Kimataifa ya Haki iliamuru Uganda ilipe dola milioni 325 kwa madhara iliyoyatenda nchini mwetu. Fedha ni haki ya walioumizwa, na zifike mikononi mwao. Lakini fedha hazitaji majina. Mwaka 1987, huko Marekani, watu waliofiwa na wapendwa wao kwa ukimwi walishona vipande vya nguo, kila kimoja upana kama sentimita 90 na urefu kama 180, ukubwa wa kaburi, na jina la marehemu juu yake. Oktoba ya mwaka ule walitandaza vipande 1,920 katika uwanja mkuu wa Washington. Leo vimepita elfu arobaini. Nyinyi mmezaliwa baada ya zile siku sita, na wazee wanaokumbuka majina tunapungua. Chukueni daftari, piteni nyumba kwa nyumba katika avenyu zenu, ulizeni nani alikufa, alipenda nini, alivaa kikwembe gani, kisha mshone. Hapo mtapata mawazo ambayo hakuna chumba kilichofungwa kitakachowapa, na mtapata urafiki wa watu ambao mlikuwa mkipita mbele ya milango yao bila kusalimu.

Mkitaka kuuza, uzeni. Kazi ya mikono ni riziki halali. Hesabuni nguo, uzi na siku zenu, mtaje bei bila aibu, na kila aliyeweka mshono apate sehemu yake mbele ya wote. Ila mfarishi wa kwanza wa kundi msiuuze. Mpeni mtu anayeuhitaji: mzazi mpya, mgonjwa, mzee anayeishi peke yake, familia iliyovuka mto. Kundi lililoanza kwa kutoa hujua kwa nini lipo, na siku za njaa litakumbuka.

Simu nazo zina kazi. Piga picha ya nguo iliyokupendeza, mtumie aliye Bunia au Goma. Lakini mkiwa mkekani ziwekwe kikapuni. Mtu hawezi kutazama mikono miwili ya mwenzake na kioo kwa wakati mmoja.

Msingoje muwe wengi, wala msingoje cherehani, wala mfadhili. Wanne wanatosha. Juma hili mmoja aende kwa fundi akaombe mabaki, mmoja alete mkasi unaokata kweli, mmoja alete mkeka, na mmoja alete bibi. Ndiyo, mleteni mzee, maana anajua mshono ambao hamjauona, na yeye pia anahitaji rafiki kuliko mnavyodhani. Jumamosi, saa tisa, mkae chini mkate vipande vyenu vya kwanza, kila kimoja upana wa kiganja. Mkikwama, nyumba yangu mnaijua.

Mungu awape vidole vyepesi, ndimi zenye kiasi, na watu wa kukaa nao siku zote za maisha yenu.